Junkers F 13, Boeing 247 au Douglas DC-2: uanze na ipi kuielewa ndege ya abiria ya metali?

Ukitaka kuelewa jinsi ndege ya abiria ilivyoacha mbao na kitambaa ikawa ya metali kuanzia pua hadi mkia, huna haja ya kuzisoma zote. Chagua moja, isome mpaka uijue ribiti kwa ribiti (misumari ya metali inayounganisha bati), kisha nyingine ziweke kando yake uone zinatofautiana wapi. Wanafunzi wa matengenezo ya ndege wanaotafuta mada ya andiko, na watu wanaounda ndege ndogo za mfano, hukwama hapo hapo: waanze na ipi?

Naziweka tatu mezani. Ya kwanza ni Junkers F 13 ya Ujerumani. Ya pili ni Boeing 247 ya Marekani. Ya tatu ni Douglas DC-2, nayo ya Marekani, pamoja na DC-3 iliyotoka humo. Wengi huchagua DC-3 kwa umaarufu wake. Wazee wetu waliijua kwa jina la Dakota, maana East African Airways ilizirusha kwa miaka mingi baada ya Vita vya Pili, na Sabena, shirika la Ubelgiji, ilizitumia Kongo. Si chaguo baya hata kidogo. Lakini mtu mwenye nafasi ya kusoma ndege moja tu ningemshauri achukue Boeing 247, kwa sababu ndani yake unaona karibu kila uamuzi mzuri wa zama zile, na unaona pia gharama ya kila uamuzi uliokwenda kombo.

| | Junkers F 13 | Boeing 247 | Douglas DC-2 |
|---|---|---|---|
| Iliruka mara ya kwanza | 25 Juni 1919 | 8 Februari 1933 | 11 Mei 1934 |
| Abiria | 4 | 10 | 14 |
| Injini | 1 | 2 | 2 |
| Mwendo wa safari kwa saa | km 140 hadi 170, kutegemea injini | km 304 (toleo la 247D) | kama km 300 |
| Ngozi | ya migongo | laini | laini |
| Magurudumu | hayakunjwi | hukunjwa kwa umeme | hukunjwa kwa haidroliki ya mkono |
| Flapu | hakuna | hakuna | zipo |
| Zilizoundwa | zaidi ya 320 | 75 | karibu 200 |

Jedwali halionyeshi jambo kubwa kuliko yote, nalo ni hili: metali ilikuwa ikifanya kazi gani ndani ya ndege? Kuna ndege ambayo metali yake ni kifuniko tu juu ya mifupa inayobeba kila kitu. Kuna nyingine ambayo ngozi yenyewe inabeba. Safari kutoka ile ya kwanza hadi hii ya pili ilichukua miaka kama kumi na mitano, na ndege hizi tatu ni vituo vyake.

Junkers F 13

Hugo Junkers hakuanzia kwenye ndege. Alikuwa profesa wa uhandisi mjini Aachen na mwenye kiwanda mjini Dessau kilichotengeneza mitambo ya gesi ya kuchemshia maji. Mafundi wake walijua kulikunja bati jembamba mpaka likawa imara, na alipoingia kwenye ndege aliingia na ujuzi huo. Tarehe 12 Desemba 1915 iliruka J 1 yake, ndege ya bati la chuma, ambayo Wajerumani waliipa jina la utani Punda wa Bati. Ilikuwa nzito na ilipanda polepole. Lakini mabawa yake yalitoka ubavuni bila nyaya wala nguzo za kuyashikilia kwa nje, na wakati ule karibu kila ndege nyingine ilikuwa imefungwa nyaya pande zote.

Uzito ulipata dawa kwenye duralumini, aloi (mchanganyiko wa metali) ya alumini. Alfred Wilm, akifanya kazi Neubabelsberg karibu na Berlin, aligundua mwaka 1906 kwamba alumini iliyochanganywa na shaba kama asilimia 4 na magnesi kidogo, ikipashwa moto na kupozwa ghafla majini, huendelea kukomaa yenyewe kwa siku kadhaa hadi ikawa ngumu kuliko ilivyokuwa ilipotoka majini. Fundi wa bodi za ndege anaijua tabia hii kwa mikono yake: zipo ribiti zinazowekwa kwenye barafu ili zisikomae kabla ya kupigwa, na ukizichelewesha nje zinapasuka chini ya nyundo.

F 13 ilichorwa na Otto Reuter, mhandisi wa Junkers, miezi michache tu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kumalizika. Bawa moja la chini, lisilo na nguzo. Abiria wanne walikaa kwenye chumba kilichofungwa, chenye joto na mikanda ya viti, wakati abiria wengi wa ndege wa mwaka ule walikaa kwenye masalio ya ndege za vita wamejifunga makoti ya ngozi. Marubani ndio waliobaki kwenye upepo, kwenye chumba kilicho wazi nusu. Tarehe 13 Septemba 1919 ndege ya aina hii ilibeba watu 8 hadi mita 6,750 juu ya usawa wa bahari.

Sasa tazama ngozi yake. Ni bati la migongo midogo, kama la paa, na kama ilivyo kwa bati la paa, ni gumu ukilikunja kukatisha migongo lakini hulegea ukilikunja kufuata migongo. Junkers aliilaza migongo hiyo kutoka mbele kwenda nyuma, ifuate upepo. Kwa hiyo ngozi ya bawa ilisaidia kuzuia bawa lisijisokote, lakini bawa lilipotaka kupinda kwenda juu kwa uzito wa ndege, ngozi haikuweza kusaidia. Mzigo huo ulibebwa na mabomba ya duralumini yaliyopita ndani. Ukiwa na F 13 mbele yako unaona kwa macho mgawanyo wa kazi: mabomba yanabeba mpindo, bati linabeba msokoto.

Gharama yake ilikuwa hewa. Migongo huongeza eneo la ngozi linalosuguana na upepo, na upepo juu ya bawa haufuati mstari ulionyooka kama mchoraji alivyotarajia. Huenda upande, ukaikata migongo kwa mshazari. Ndege ikalipa kwa mwendo na mafuta maisha yake yote. Henry Ford alipoingia kwenye biashara hii na Trimotor yake, iliyoruka Juni 1926, alitumia bati la aina hiyo hiyo, na Junkers akampeleka mahakamani Ulaya na kushinda. Ford iliunda Trimotor 199, ndege ngumu na ya kuaminika, lakini katika uundaji haikuongeza mengi juu ya yale ya Dessau. Kama ulikuwa unafikiria kuichagua, nenda kwenye chanzo chake.

F 13 ilifika mbali. Mataifa yaliyoshinda vita yaliizuia Ujerumani kuunda ndege kwa muda, Junkers akabaki anahangaika, lakini ndege zake zikatoka. Kolombia, shirika la SCADTA lilizifunga maboya na kuzirusha juu ya mto Magdalena tangu mwaka 1920, njia ambayo kwa meli ilichukua siku nyingi. Bati halikuoza kwenye joto na unyevu wa kule, wakati mbao na gundi zilioza. Kwa msomaji wa pwani yetu hoja hiyo haihitaji maelezo.

Ichague F 13 kama shauku yako ni metali yenyewe: aloi, bati, ribiti, na swali la kwa nini mtu aliacha mbao wakati mbao zilikuwa nyepesi na rahisi. Ichague pia kama unataka kuunda mfano kwa mkono, kwa kuwa umbo lake ni la mistari iliyonyooka na migongo inaweza kutengenezwa kwa karatasi ya alumini na kitana. Zilizobaki ziko kwenye majumba ya makumbusho, mojawapo Deutsches Museum mjini München na nyingine Le Bourget nje ya Paris, na Septemba 2016 iliruka Uswisi moja iliyoundwa upya kwa kufuata ile ya zamani, ikiwa na injini ya Pratt & Whitney. Udhaifu wake kama somo ni kwamba ukimaliza kuisoma bado uko mbali na ndege unayoipanda leo. Injini ni moja, magurudumu yananing'inia, rubani ananyeshewa.

Ajali iliyofunga mlango wa mbao

Kabla ya kwenda kwa Boeing, ipo tarehe moja ya kuishika. Tarehe 31 Machi 1931 ndege ya Fokker F.10 ya shirika la ndege la TWA ilivunjika bawa angani juu ya jimbo la Kansas na kuua wote waliokuwamo. Miongoni mwao alikuwa Knute Rockne, kocha wa mpira wa Kimarekani aliyependwa nchi nzima. Bawa la Fokker lilikuwa la mbao zilizounganishwa kwa gundi, limefunikwa kila upande, na unyevu ulioingia ndani haukuonekana mpaka ulifungue. Serikali ikadai ukaguzi wa mara kwa mara wa ndani ya mabawa hayo, kazi ghali mno kwa shirika la ndege. Abiria nao wakaogopa. Mashirika ya Marekani hayakuhamia kwenye metali kwa kuvutiwa na uzuri wake. Yalisukumwa na ukaguzi na woga.

Boeing 247

Hapa ndipo ninapotaka ukae muda mrefu.

Boeing ilikuwa imeshajifunza mengi kwenye Monomail ya mwaka 1930, ndege ya barua yenye injini moja na ngozi laini, kisha kwenye ndege ya mabomu B-9 yenye injini mbili. 247 ilikusanya yote. Ngozi yake ni laini na inabeba mzigo pamoja na mifupa: inazuia msokoto, na ikishikwa na vyuma vya urefu vilivyopigwa ribiti kwa ndani inasaidia hata kwenye mpindo. Bawa ni la chini, bila nguzo. Magurudumu yanakunjwa. Kingo za mbele za mabawa zina mipira inayovimba na kunywea ili kuvunja barafu. Kuna rubani otomatiki. Kuna vibati vidogo vya kusawazisha usukani ili rubani asishindane na ndege kwa saa nzima. Chumba cha abiria kilizibwa kelele na kupashwa joto, kila kiti na dirisha lake, taa yake na tundu lake la hewa. Metali haikupakwa rangi. Iliwekewa utando wa kinga kwa umeme, ikatoka na rangi ya kijivu.

Iliruka kutoka pwani hadi pwani ya Marekani kwa saa 20 hivi, vituo saba njiani, pungufu ya saa kama saba na nusu kuliko ndege zilizotangulia. Hapo ndipo abiria wa Trimotor alipoanza kuona amepanda kitu cha zamani.

Sasa tuingie kwenye makosa, kwa kuwa ndiyo yanayoifanya iwe somo.

La kwanza ni ukubwa. Boeing haikuwa kampuni inayojitegemea; ilikuwa ndani ya kundi moja na Pratt & Whitney wenye injini, Hamilton Standard wenye propela, na United Air Lines wenye abiria. Ndani ya kundi hilo wapo waliotaka ndege kubwa zaidi yenye injini ya Hornet. Wengine, wakiwamo marubani, walitaka ndege ndogo yenye injini ya Wasp waliyoizoea. Ndogo ikashinda, na ndiyo maana abiria ni 10. Marubani walikuwa na hoja: viwanja vya wakati ule vilikuwa vifupi na injini ya Wasp haikuwahi kuwaangusha. Lakini idadi ya viti ilifungwa na mazoea ya walioko kazini, na ndege ikaingia sokoni bila nafasi ya kukua.

La pili ni boriti. Boriti kuu ya bawa ilipita katikati ya chumba cha abiria, ikakatisha njia, na kila aliyetaka kwenda mbele au nyuma aliiruka. Usiichukulie kuwa kichekesho. Bawa la chini linapokutana na bodi, yaani mwili wa ndege, mchoraji ana mambo mawili tu ya kufanya: aipitishe boriti ndani ya chumba, au aishushe chini ya sakafu na kubeba mwili mrefu zaidi kwenda juu. Boeing ilichagua mwili mwembamba wenye ukinzani mdogo wa hewa. Mwanafunzi akichora mkato wa bodi ya 247 na mkato wa DC-2 kwenye karatasi moja, ataelewa kitu ambacho kurasa nyingi za maelezo hazitampa.

La tatu ni propela. 247 ya kwanza ilitoka na propela ambazo pembe ya panga zake haibadiliki. Pembe inayofaa kwenye mwendo wa safari haifai kwenye kuruka, na hasa haifai kwenye kiwanja kilicho juu na chenye joto, ambako hewa ni nyepesi. Cheyenne, kituo cha United huko Wyoming, kiko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Rubani yeyote wa Wilson, Nairobi, ambako ni mita 1,690, anajua ninachosema: njia ya kurukia inaonekana fupi ghafla. Frank Caldwell wa Hamilton Standard alikuwa na propela ambayo rubani anaweza kubadilisha pembe ya panga zake akiwa angani. Ilipojaribiwa kwenye 247, mbio za kuruka zilipungua kwa asilimia 20, mwendo wa kupanda ukaongezeka kwa asilimia 22, na mwendo wa safari ukaongezeka kwa zaidi ya asilimia 5. Mwaka 1933 Hamilton Standard ikapewa Collier, tuzo ya Marekani ya mafanikio ya anga, kwa propela hiyo. Toleo la 247D likatoka nayo, pamoja na vifuniko vizuri zaidi vya injini vilivyotokana na utafiti wa NACA, taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa anga, na ndege nyingi za mwanzo zikarudishwa kubadilishwa.

La nne ni biashara, nalo ndilo lililouma zaidi. United iliagiza ndege 60, zote za mkupuo wa kwanza. Jack Frye wa TWA alipotaka kununua, aliambiwa asubiri mpaka United imalize kupokea zake. Hilo lilionekana kuwa ushindi: mshindani anaachwa na Trimotor na Fokker zake. Kwa kweli lilimlazimisha mshindani kutafuta mtu mwingine wa kumuundia ndege. Kisha mwaka 1934, baada ya kashfa ya mikataba ya serikali ya kubeba barua kwa ndege, sheria ikakataza kampuni za kuunda ndege kumiliki mashirika ya ndege. Kundi lote likavunjwa, na William Boeing akajiondoa. Ulinzi uliojengwa juu ya kumiliki mteja ukapotea mwaka huo huo ambao DC-2 iliingia kazini.

Jumla ziliundwa 75. Moja yao, ya United, ililipuliwa kwa bomu juu ya Chesterton, Indiana, tarehe 10 Oktoba 1933, watu 7 wakafa. Ndiyo hujuma ya kwanza iliyothibitishwa kwenye ndege ya abiria. Iliyorushwa na rubani Roscoe Turner kwenye mashindano ya London hadi Melbourne ya mwaka 1934 iko Washington kwenye jumba la taifa la anga. Nyingine iliruka safari yake ya mwisho Aprili 2016 kwenda jumba la makumbusho la Seattle. Kwa hiyo picha, michoro na vipimo vyake vinapatikana bila taabu.

Douglas DC-2, na DC-3 iliyofuata

Tarehe 2 Agosti 1932 Frye aliwaandikia waunda ndege kadhaa barua fupi. Alitaka ndege ya metali, injini tatu, abiria wasiopungua 12. Lakini sharti lililobeba uzito wote lilikuwa moja: ikiwa imejaa, iweze kuruka kutoka kiwanja chochote cha TWA injini moja ikiwa imezimika. Charles Lindbergh, mshauri wa TWA, alilisimamia sharti hilo. Fikiria maana yake kwenye viwanja vya Arizona na New Mexico vilivyo mita 1,500 na zaidi, jua la mchana likiwaka.

Donald Douglas na wahandisi wake wa Santa Monica walijibu kwa ndege ya injini mbili, wakiamini kwamba ya tatu puani ingeongeza kelele na ukinzani kuliko usalama. Bawa walilitengeneza kwa mtindo wa mchoraji wa ndege Jack Northrop: badala ya boriti moja nzito, kuta kadhaa nyembamba zinazogawa ndani ya bawa kuwa vyumba, ngozi ikibeba sehemu kubwa ya mzigo. Kipande cha katikati cha bawa kikapita chini ya chumba cha abiria, na mtu akatembea kutoka mlangoni hadi mbele bila kuinua mguu. Wakaongeza flapu chini ya bawa ili ndege iendayo kasi iweze kutua polepole. Mfano wake mdogo ulipopimwa kwenye mtambo wa upepo wa chuo cha Caltech, Pasadena, uligundulika kuyumba, na vipande vya nje vya mabawa vikarudishwa nyuma. Ule mshazari unaouona kwenye kingo za mbele za bawa la Dakota ulitokana na hilo, wala haukuwekwa kwa urembo.

DC-1, ya kwanza na ya pekee, iliruka tarehe 1 Julai 1933 na karibu ipotee siku hiyo hiyo: kila rubani Carl Cover alipoinua pua, injini zilikata. Maboya ya kabureta yalifungwa kinyume, ndege ikipanda mafuta yanajizuia. Cover aliishusha salama kwa kuipandisha kidogo kidogo. Septemba mwaka huo, ikiwa Winslow, Arizona, injini moja ilizimwa wakati wa kuruka na ndege ikaenda hadi Albuquerque kwa injini iliyobaki. Sharti la Frye likatimia. DC-1 iliigharimu Douglas zaidi ya dola 300,000 huku TWA ikiilipia 125,000. Kampuni iliingia hasara hiyo ikitegemea kuuza nyingine nyingi. Ikarefushwa kidogo, viti vikawa 14, ikaitwa DC-2, na Mei 1934 ikaanza kubeba abiria.

Kama unataka ulinganisho uliofanyika hewani na si kwenye karatasi, chukua mashindano ya London hadi Melbourne, Oktoba 1934. Ndege ndogo ya mbio ya de Havilland ilishinda. Ya pili kufika ilikuwa DC-2 ya KLM iitwayo Uiver, saa 90 na dakika 13, ikiwa na abiria watatu na barua. Ya tatu ilikuwa Boeing 247D ya Turner na Clyde Pangborn, saa 92 na dakika 55. Tofauti ni ndogo, lakini Uiver ilipotea kwenye dhoruba karibu kabisa na mwisho, ikalala Albury, Australia. Watu wa mji ule waliwasha na kuzima taa za mji ili kuipa ishara, wakapanga magari kandokando ya uwanja wa mbio za farasi na kuwasha taa, ndege ikatua, asubuhi wakaivuta kutoka kwenye tope. Ilipoteza usiku mzima na bado ikatangulia. Na KLM ni ya Uholanzi, nchi ya Fokker. Anthony Fokker mwenyewe, aliyejenga jina lake kwa bawa la mbao, ndiye aliyechukua haki ya kuuza DC-2 barani Ulaya.

DC-3 ilizaliwa C. R. Smith wa American Airlines alipotaka DC-2 pana zaidi yenye vitanda. Iliruka tarehe 17 Desemba 1935. Vitanda vilikuwa 14, lakini vikiondolewa viliingia viti 21. Hesabu hiyo ndiyo iliyobadilisha biashara: viti viliongezeka kwa nusu, gharama ya kuirusha ikaongezeka kidogo tu, na shirika likaweza kuishi kwa nauli bila kutegemea malipo ya barua. United ikazinunua na kuzitoa 247 zake njia kuu ndani ya miaka michache. Vita vilipokuja zikaundwa zaidi ya 10,000. Metali yake ilikuwa imeboreshwa pia: kampuni ya alumini ya Alcoa ilikuwa imetoa bati la aloi lililofunikwa tabaka jembamba la alumini safi pande zote mbili, nalo huzuia kuliwa kwa metali ndani ambako duralumini tupu ilishindwa.

Ichague DC-2 na DC-3 kama unavutiwa na uchumi wa ndege, au kama unataka kugusa. Kwetu ndiyo ndege pekee kati ya hizi tatu ambayo unaweza kumpata fundi mstaafu aliyeifanyia kazi, na hazina hiyo isiachwe. Mwombe akueleze safu ya bolti zinazounganisha bawa la nje na kipande cha katikati. Shida yake kama mada ni wingi: matoleo ni mengi, marekebisho ya jeshi ni mengi, na mwanafunzi huishia kuorodhesha matoleo badala ya kueleza muundo. Ukiichagua, jifungie kwenye DC-1 na DC-2, na DC-3 iguse tu mwishoni.

Nani achukue ipi

Anayesomea aloi na uchakavu wa metali, F 13. Anayesomea uendeshaji wa mashirika, DC-2 na mrithi wake. Anayesomea bodi na mabawa, au anayetaka kujua kwa nini ndege nzuri ilishindwa na nyingine ndani ya miezi 15, achukue 247 na aiweke DC-2 kando yake kila hatua: boriti kwa boriti, propela kwa propela, mkataba kwa mkataba. Kazi ya namna hiyo inaandikika vizuri, kwa sababu kila tofauti ina sababu iliyo wazi.

Kwa anayeunda mfano, 247 ina ugumu mmoja: ngozi laini huonyesha kila kosa la mkono, wakati migongo ya F 13 huyaficha. Anza na kipande cha bawa peke yake, sentimita 30 zinatosha, kabla ya kujaribu ndege nzima.

Na yupo anayetaka mada ambayo hakuna mwenzake atakayeileta. Huyo atazame Zeppelin-Staaken E-4/20 ya Adolf Rohrbach: injini nne, abiria 18, metali tupu, bawa lenye boriti ya sanduku ambalo ngozi yake laini ilibeba mzigo, na iliruka mwaka 1920, miaka 13 kabla ya 247. Iliundwa moja tu, na mwaka 1922 ikavunjwavunjwa kwa amri ya tume ya mataifa yaliyoshinda vita. Hakuna ya kuiona popote, kwa hiyo kazi itategemea picha na maandishi ya wakati ule, mengi kwa Kijerumani. Aichukue tu kama ana mtu wa kumsomea lugha hiyo na msimamizi mwenye subira.